Bendera Kando ya Jina

Yote yalianza na waya mweusi.

Wakati huo nilikuwa mmoja wa wasimamizi wa kundi dogo la watu wanaofufua redio za zamani, zile zenye taa ndani ambazo ukiziwasha unasubiri zipate moto kwanza ndipo ziseme. Usiku mmoja mgeni akaweka picha: waya uliochakaa umetoka nyuma ya redio aliyorithi, ndani yake nyaya mbili, mmoja mweusi na mmoja mweupe. Akauliza upi ni laivu, unaoleta umeme, na upi ni nyutro, unaourudisha. Hazikupita dakika tano, mwenzetu mmoja, fundi wa miaka mingi ambaye hakuna aliyewahi kumkuta na jibu la kubahatisha, akamjibu: mweusi ni nyutro, huo usikutie hofu.

Alikuwa sahihi. Yaani, alikuwa sahihi pale alipojifunzia kazi. Katika mtindo wa zamani wa Uingereza, waya mwekundu ni laivu na mweusi ni nyutro. Marekani mweusi ndio laivu, mweupe ndio nyutro. Na redio ya mgeni wetu ilikuwa ya Kimarekani, imechomekwa kwenye ukuta wa Kimarekani. Kilichomwokoa ni mtu wa tatu aliyeingia kwenye uzi, yaani mlolongo ule wa majibu, akaandika kwa herufi kubwa: "SUBIRI MKUU, KWANI UKO NCHI GANI?"

Kesho yake pendekezo likawa mezani: kila mwanachama ataje nchi yake, bendera ikae kando ya jina, na asiyetaka afungiwe akaunti baada ya siku kumi. Nilipiga kura ya ndiyo. Tangazo lenyewe niliandika mimi, tena kwa mbwembwe. Nasema hivi mapema ili nikianza kuupinga uamuzi ule usidhani nampinga mtu mwingine.

Hoja yetu ilionekana haina jibu. Ushauri mwingi hubadilika ukivuka mpaka. Tarehe 03/04 ni Aprili kwa wengine na Machi kwa wengine. Dawa ile ile ya maumivu huitwa paracetamol huku na acetaminophen kule, na mtu asiyejua anaweza kumeza zote mbili akidhani ni vitu viwili. Sheria ya mkataba, haki ya mpangaji, msimu wa kupanda mbegu, upande wa barabara: utamshaurije mtu usiyejua amesimama wapi? Mmoja wetu akamalizia kwa methali, mficha uchi hazai, na mjadala ukafungwa hapo. Methali zina tabia hiyo, huingia kwenye mjadala kama hakimu kumbe nazo ni mashahidi tu.

Lakini chini ya hoja ya usalama kulikuwa na hoja nyingine iliyokuwa na moto zaidi, nayo ilikuwa ya waongo. Tulikuwa tumechoshwa na watu wanaojifanya wenyeji wa mahali wasipopajua.

Hapo tulikuwa na haki ya kuchoka, maana kujipa nchi ya uongo ni mchezo wa zamani karibu sawa na mitandao yenyewe. Tarehe 1 Aprili 1984, watumiaji wa Usenet, mtandao wa majadiliano uliokuwepo kabla ya wavuti, walipokea ujumbe kutoka kwa Konstantin Chernenko, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, akitangaza kwamba nchi yake imejiunga nao. Ulitoka kwenye kompyuta iliyoitwa kremvax. Wapo walioamini. Aliyeuandika alikuwa Piet Beertema, Mholanzi, na siku ya tarehe moja Aprili ilitosha kumwonya mwenye macho. Sehemu ninayoipenda ni ile ya miaka sita baadaye. Warusi wa kweli walipojiunga na Usenet mwaka 1990, baadhi ya watu walikataa kabisa kuamini. Walidhani ni utani ule ule umerudi. Wale Warusi nao, kwa ucheshi, waliipa mashine yao moja jina la kremvax. Kwa hiyo aliyedanganya aliaminiwa, na waliosema kweli ikawabidi wabembeleze.

Mwaka 2011 mchezo ulikuwa umeshaacha kuchekesha. Katikati ya msukosuko wa Siria, dunia ilimfuatilia mwandishi wa mtandaoni aliyejiita Amina, msichana wa Damascus mwenye kumpenda msichana mwenzake, akisimulia maisha yake chini ya macho ya askari. Mwezi Juni ikaandikwa kwamba ametekwa. Watu walifanya kampeni aachiliwe, waandishi wa habari wakapiga simu kila kona, na wanaharakati ndani ya Siria wakahatarisha ngozi zao kumtafuta. Siku chache baadaye ikajulikana kuwa Amina ni Tom MacMaster, Mmarekani mwenye ndevu aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Kisha, kana kwamba mambo hayajachafuka vya kutosha, ikagundulika kwamba mhariri wa tovuti moja ya wanawake wapenda wanawake iliyokuwa imempa Amina nafasi ya kuandika, naye alikuwa mwanamume mtu mzima wa Ohio anayetumia jina la kike. Waongo wawili walikutana na kila mmoja akamwona mwenzake ni wa kweli.

Halafu yakaja mambo ya uchaguzi wa Marekani wa 2016. Vijana wa mji mdogo wa Veles, Makedonia, waliendesha tovuti zaidi ya mia za siasa za Marekani kwa ajili ya fedha za matangazo. Huko St. Petersburg, ofisi moja ilikuwa ikilipa watu waandike kama Wamarekani. Akaunti yao iliyojifanya sauti ya chama cha Republican cha Tennessee ilikusanya wafuasi zaidi ya laki moja kabla haijafungwa mwaka 2017. Ukisoma historia hii kwa pupa, kama nilivyoisoma mimi, utasema dawa ni moja tu: kila mtu aonyeshe anatoka wapi.

Sasa tulia uulize: ni yupi kati ya hawa ambaye kanuni yetu ingemzuia?

MacMaster angeulizwa nchi, angejibu Siria. Wale wa St. Petersburg wangejibu Marekani bila kupepesa macho, maana kazi waliyolipwa ilikuwa ndiyo hiyo. Na yule mwanamume wa Ohio anachekesha zaidi, kwa sababu nchi yake aliisema kweli. Uongo wake ulikuwa mahali pengine. Kanuni ya kutaja nchi ni wavu wenye matundu ya ajabu: unakamata samaki wote waliokubali kukamatwa na kuwaachia wale uliowasukia wavu.

Hapo wenzangu wakasema, basi tusiwaulize, tuwapime. Anwani ya IP, namba inayotumiwa na kifaa kwenye mtandao, inajulikana. Ni kweli, na nisifiche kwamba katika kisa cha Amina anwani za IP za Edinburgh zilikuwa sehemu ya ushahidi uliombana. Lakini yule aliwindwa na watu wengi wenye ari, wakiunganisha IP na picha, anwani za nyumba na barua za zamani. Kuipa mashine kazi ya kubandika bendera kwa kila mtu kwa kutazama IP peke yake ni jambo jingine kabisa. IP haina uraia. Ni namba aliyopewa mtoa huduma, na kampuni fulani zinakisia kwamba namba hiyo inaelekea kutumika sehemu fulani.

Kukisia huko kuna shamba lake la kumbukumbu. Karibu na katikati ya Marekani, huko Kansas, kuna shamba ambalo kwa miaka mingi wageni wenye hasira walilivamia: polisi waliotafuta watoto waliopotea, maafisa wa kodi, watu walioibiwa mtandaoni waliokuja kudai haki yao kwa mkono. Wakazi hawakuelewa wana kosa gani. Mwaka 2016 ikaja kufahamika. Kampuni ya MaxMind, inayouza makisio ya mahali IP zilipo, ilikuwa na namba zaidi ya milioni 600 ambazo ilijua tu kwamba ni za Marekani. Badala ya kuandika "sijui", mfumo wake uliandika katikati ya nchi, tena kwa namba iliyofupishwa vizuri: nyuzi 38 kaskazini, 97 magharibi. Namba hiyo iliangukia uani kwa watu. Baadaye kampuni ikaihamishia kwenye maji ya ziwa.

Nilipokisoma kisa kile nilijiuliza ni wangapi kati ya wanachama wetu ningewapa bendera kwa mtindo huo. Mtandao wa X ulijaribu kwa kiwango kikubwa mwezi Novemba 2025, ukaanza kuonyesha nchi ambako akaunti iko. Kwa siku kadhaa ilikuwa sherehe: akaunti zilizojiita za wazalendo wa taifa moja zilionekana zikiendeshwa kutoka mabara mengine. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini humo humo walikuwepo watu waliolalamika wamepewa nchi walizopita tu safarini au ambazo hawajazikanyaga, na mtandao wenyewe ukakiri kwamba safari na VPN, programu inayoficha mahali ulipo, hupotosha matokeo. Mwongo aliyekamatwa wiki ile alikamatwa kwa sababu hakutarajia. Wa wiki iliyofuata ameshanunua VPN. Nchini China, ambako mtandao wa kijamii wa Weibo ulianza kuonyesha mkoa au nchi ya kila mtumiaji tangu Aprili 2022, bila ruhusa ya kuzima, haikuchukua muda biashara ya kuuza IP za mikoa mingine ikaota.

Kuna njia ya tatu: dai kitambulisho. Korea Kusini iliipita njia hii hadi mwisho wake. Kuanzia 2007 tovuti kubwa, kwanza zile zenye wageni zaidi ya 300,000 kwa siku na baadaye zenye 100,000, zililazimishwa kuthibitisha utambulisho wa kila anayetaka kuandika. Mwezi Julai 2011 wadukuzi wakaingia kwenye tovuti za Nate na Cyworld na kuondoka na taarifa za watu milioni 35, katika nchi yenye watu takriban milioni 50. Tarehe 23 Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo kwa kauli moja, ikisema haikuonekana kwamba maandiko haramu yalipungua kwa maana yoyote, na kwamba watumiaji walihamia tovuti za nje. Sisi tulikuwa kundi la redio, wasimamizi wanne, nywila moja tunayoitumia wote (naomba usinicheke), na tulikuwa tukijadili kama tukusanye pasipoti.

Tukabaki na njia ya kwanza: mtu ajitangaze, tumwamini. Hapo ndipo nilipokwama mimi mwenyewe, tena kwenye fomu niliyoitengeneza.

Fomu ilikuwa na orodha ya kuchagua. Nilikuwa nimeichukua kutoka kwenye kiwango cha ISO 3166, orodha ya kimataifa ya majina na herufi fupi za nchi na maeneo, chenye majina 249. Umoja wa Mataifa una wanachama 193. Hiyo tofauti ya 56 ni hadithi ndefu ya visiwa, makoloni na ugomvi. Taiwan imo, lakini imeandikwa kama mkoa wa China, na mwanachama wetu mmoja aliniuliza kwa upole kama nina maoni yangu juu ya jambo hilo au nimenakili tu. Kosovo haimo kabisa, ingawa ilitangaza uhuru 2008. Wanaoihitaji huazima herufi XK. Sikuwa nimekusudia kutoa tamko la kidiplomasia. Nilitaka kujua rangi ya waya.

Na mimi je, nichague ipi? Niliyozaliwa, ninayoishi, au ile iliyoandikwa kwenye pasipoti? Kwangu hizo si moja, na najua siko peke yangu. Niliweka ninayoishi. Asubuhi nikaibadili. Jioni nikairudisha. Rafiki yangu mmoja aliye mkimbizi alichagua Afghanistan, si kwa sababu ametoka huko, bali kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Kwake swali halikuwa na jibu la kweli, akajibu kwa kidole. Wapo pia watu wasiotambuliwa na taifa lolote duniani, hesabu yao ni mamilioni, na fomu yetu ilikuwa na alama nyekundu ya nyota kando ya swali: lazima.

Lugha yetu inanisaidia kuona tatizo hapa. "Unatoka wapi?" ni swali la njiani, msafiri kwa msafiri, linajibika kwa kituo cha mwisho ulichopita. "Wewe wa wapi?" ni swali la umiliki. Linauliza wewe ni mali ya nani. La kwanza unaweza kulijibu upya kila siku, la pili ukilijibu mara moja unagandishwa nalo. Sisi tulidhani tunauliza la kwanza, kumbe nyota nyekundu ililigeuza kuwa la pili.

Wiki ya tatu nilipata ujumbe wa faragha kutoka kwa mwanachama mtulivu, aliyekuwa akiandika mara chache lakini kwa mpangilio mzuri. "Mkuu, naomba niruhusu nibaki bila bendera. Nchi yetu ni ndogo. Kwenye fani hii tupo wawili, na mwenzangu ndiye bosi wangu kazini." Sikuwa nimefikiria hilo hata sekunde moja. Anayesema "natoka India" amejificha nyuma ya watu zaidi ya bilioni 1.4. Anayesema "natoka Tuvalu" amejificha nyuma ya elfu kumi na kitu. Swali ni moja, ila bei yake hailingani hata kidogo. Ukiongeza vipande viwili vitatu tu, mchezo umekwisha: Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutambulika kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta peke yake. Bendera ni kipande kimoja. Kiongeze kwenye fani, lahaja, saa za kuandika na picha ya dirisha.

Wengi hudhani anayeficha nchi yake anajificha kwa watu wa mbali. Kikulacho ki nguoni mwako. Mgeni wa bara jingine akijua nchi yako atakupa utani mbaya, basi. Anayeweza kukufikia ni jirani, mwajiri, shemeji, serikali yako. Mohammad al-Ghamdi, mwalimu mstaafu wa Saudi Arabia, alikuwa na akaunti mbili zisizo na jina lake, zote kwa pamoja zikiwa na wafuasi 10. Kumi. Mwezi Julai 2023 mahakama ilimhukumu kifo kwa maandishi yake. Mwaka uliofuata adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 30. Sisemi bendera ndiyo iliyomponza. Nasema tu kwamba mtu wa mahali kama pale akisita kutaja nchi kwenye kundi la redio, mimi nisimwite mwoga.

Tena si lazima uwe na serikali kali. Mwezi Desemba 2018 kampuni ya Slack, yenye programu ya mazungumzo ya kazini, ilifunga akaunti za watu kadhaa walioonekana kuwa na uhusiano na Iran, ikitii vikwazo vya Marekani. Baadhi yao walikuwa wakiishi nchi nyingine kabisa na waliwahi tu kupita Iran kusalimia ndugu. Kampuni iliomba radhi. Julai 2019 GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, iliwabana watumiaji walioko Iran, Siria na Krimea. Oktoba 2024 majina ya wasimamizi kadhaa Warusi yaliondolewa kwenye orodha ya watunza msimbo wa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, kwa sababu za kisheria za vikwazo, na mwanzilishi wake Linus Torvalds akasimama na uamuzi huo. Unaweza kuuona uamuzi huo ni wa haki, sikatai kujadili. Ninachotazama ni kitu kidogo zaidi: msimbo wao haukubadilika kati ya Jumatatu na Jumanne. Kilichobadilika ni uzito wa neno lililokuwa kando ya majina yao.

Uzito huo unapimika. Shirika la moyo la Marekani, American Heart Association, huwa na mkutano mkubwa wa kitaalamu kila mwaka, na watafiti wa duniani kote hutuma muhtasari wa kazi zao. Hadi 2001 waliozipitia kazi hizo walikuwa wakiona majina na taasisi za waandishi. Kuanzia 2002 yakafichwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006 kwenye jarida la kitabibu la JAMA ulilinganisha vipindi hivyo viwili. Majina yalipoonekana, takriban 41 kati ya kila kazi 100 za Marekani zilikubaliwa, dhidi ya 23 za nchi nyingine. Yalipofichwa, za Marekani zilishuka hadi takriban 33, za wengine zikapanda kidogo hadi 24. Hawa walikuwa madaktari waliobobea, wanasoma takwimu kwa ajira. Sisi wengine tunaosoma uzi saa sita za usiku tunajidanganya tukidhani bendera tunaiona bila kuisoma.

Kwenye kundi letu niliona kwa macho yangu. Kabla ya bendera, mtu akikosea tulisema amekosea. Baada ya bendera, mtu akikosea ni "ndiyo zao". Akipatia ni "huyu si kama wenzake", sifa ambayo ukiichunguza vizuri ni tusi lililopigwa pasi. Yule fundi wa waya mweusi, tuliyekuwa tukimsikiliza kama mzee wa mtaa, bendera yake ilipotokea mtu akaandika "kumbe!" Neno moja tu, na alama ya mshangao. Sijui alitegemea nini. Fundi hakulijibu. Ila majibu yake yalianza kuwa mafupi, kisha akawa anatoa picha bila maelezo, kisha nikagundua sijaona picha yake kwa mwezi mzima. Na wale wenye bendera moja walianza kutembea pamoja. Uzi wa namna ya kusafisha vibao vya masafa ukageuka ugomvi juu ya vita vya zamani, ambavyo hakuna kati yetu aliyepigana.

Nikiri kuna lililopungua: swali la "uko nchi gani?" halikuulizwa tena. Na hapo ndipo nilipoliona kosa letu kubwa zaidi, ambalo halihusu siri wala ubaguzi. Mwanachama kutoka Japani aliuliza kuhusu injini ya kinasa sauti iliyokuwa ikizunguka kasi isiyo yake. Bendera yake ilikuwa pale, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuuliza chochote. Mmoja akatazama kwenye jedwali na kumjibu kwamba Japani ni hezi 50, yaani mawimbi 50 ya umeme kwa sekunde. Japani ni hezi 50 upande wa mashariki, Tokyo ikiwemo. Upande wa magharibi, Osaka na kuendelea, ni hezi 60. Hitilafu hiyo ina zaidi ya karne: Tokyo ilinunua mitambo ya Wajerumani, Osaka ikanunua ya Wamarekani, na nchi haijawahi kuunganisha hadi leo. Yule bwana alikuwa Osaka. Brazili nayo volti hubadilika kutoka mji hadi mji, 127 hapa, 220 pale.

Nikarudi kwenye waya mweusi wenyewe. Uingereza ilianza kubadili rangi za nyaya za majumbani mwaka 2004, na kuanzia Aprili 2006 rangi mpya zikawa za lazima: kahawia ni laivu, bluu ni nyutro. Na kwenye umeme wa fezi tatu, wenye nyaya tatu za laivu, mweusi sasa ni mojawapo ya laivu. Soma tena hapo. Ndani ya nchi ile ile, bendera ile ile, waya mweusi ulihama kutoka nyutro kwenda laivu. Yule aliyepiga kelele usiku ule "uko nchi gani?" alimwokoa mgeni, lakini kwa mgeni mwingine swali hilo hilo lingemuua kwa jibu sahihi. Swali lililohitajika lilikuwa: nyumba ilifungwa nyaya mwaka gani, na je, umeshapima kwa testa?

Nchi ilikuwa njia ya mkato. Tulitaka kujua mambo manne kuhusu umeme, tukadai jambo moja kuhusu mtu, tukidhani hilo moja linayabeba yale manne.

Tulipiga kura tena, mwezi wa tano. Bendera zikaondolewa kwa kura tatu dhidi ya moja; huyo mmoja bado ananiambia nilitishwa. Mahali pake tuliweka mistari mitatu ambayo hutokea unapofungua uzi mpya, si unapojiunga: volti na hezi za ukutani kwako, rangi za nyaya unazoziona, na mwaka wa jengo kama unaujua. Ukiwa unauliza jambo lisilohusu umeme, unairuka. Anayetaka kutaja nchi anaitaja, wengi huitaja, mara nyingi katikati ya hadithi kuhusu kitu kingine. Waongo bado wapo. Juzi nimemfungia mmoja aliyekuwa akiuza taa bandia. Sikuhitaji kujua kwao, picha zake za bidhaa zilitosha.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa na redio iliyokuwa ikinguruma hata ukipunguza sauti yote. Nikafungua uzi, nikajaza: volti 230, hezi 50, kahawia na bluu. Jibu la kwanza lilitoka kwa akaunti mpya isiyo na picha. Aliniambia niache kila kitu nitazame kapasita mbili za kuchuja umeme kwenye paua, sehemu inayoilisha redio umeme, akanichorea mchoro kwa mkono na kuupiga picha, na mwishoni akaandika: huo usikutie hofu. Nilizibadilisha Jumamosi. Redio ikanyamaza, kisha ikaanza kuongea. Nilirudi kumshukuru, nikaanza kuandika "mkuu, samahani, wewe wa...", nikafuta, nikamuuliza amejifunzia wapi kuchora vizuri namna ile.